Barua ya Posa Niliyoisahihisha kwa Kalamu Nyekundu

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na tisa, baba wa watoto watatu, mkazi wa Makutupora, kaskazini ya mji wa Dodoma. Kazi yangu ni kibarua cha kupogoa mizabibu ya watu. Pia ni mwandishi wa kitabu kimoja, tena kilichochapwa, kinachouzwa dukani. Ukikikuta, usikinunue kwa kunionea huruma. Sitaki huruma ya mtu!

Nimesoma mikasa mingi ya wasomaji wenzangu. Kila mmoja kadanganywa, kila mmoja kaonewa, kila mmoja malaika... Mimi si malaika. Katika mkasa huu nimewadharau watu wengi, na baadhi yao nawadharau mpaka leo. Lakini ninayemdharau kuliko wote mtamjua mkifika mbele.

Nilimaliza darasa la saba na sikuendelea. Ila nilikuwa na mwandiko... ndugu zangu, mwandiko! Vijana waliotaka kuoa walinijia kutoka vijiji vya mbali niwaandikie barua za posa. Kwetu barua ya posa haipelekwi posta. Inatiwa kwenye bahasha, inafungwa ndani ya kitambaa cheupe, washenga wanaibeba hadi kwa wazazi wa binti. Wazazi wasipotaka, barua inarudishwa. Wakiipokea, mambo yamekwisha. Hata watu hawaulizi kama wamekubali. Wanauliza, "Imepokelewa?" Ukijibu imepokelewa, unapongezwa, maana zimebaki hatua tu: mahari, kisha harusi.

Barua zangu hazikuwahi kurudishwa hata moja. Niliwaandikia walevi, zikapokelewa. Nilimwandikia jamaa mmoja ambaye tangu azaliwe hajawahi kushika jembe kwa hiari yake, nikamwita kijana mchapakazi asiyejua kuchoka, ikapokelewa! Mke wake akinikuta njiani siku hizi hanisalimii.

Kwa hiyo watu waliponiambia kuwa nina kipaji, niliamini. Nani asiyeamini akisifiwa?

Nikiwa na miaka thelathini na mitatu nilianza kuandika riwaya. Niliipa jina *Zizi Lisilo na Mlango*. Ni habari ya mfugaji wa Kigogo anayemwoza binti yake kwa ng'ombe wengi, kisha ukame unakuja na ng'ombe wote wanakufa mbele ya macho yake. Wakati huo nilikuwa msimamizi wa shamba la zabibu la afisa mmoja mstaafu anayeishi mjini. Mchana vibarua wakienda kula, mimi nilijifungia kwenye banda la kreti, kaunta buku juu ya goti, naandika. Miaka miwili, kaunta buku nne! Mikono inanuka dawa ya kupulizia mizabibu, lakini kichwani mimi ni mwandishi.

Sura ya kwanza nilimsomea mke wangu, Loyi. Alikuwa amekaa jikoni anachambua mlenda. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Baba Neema, mbona huyu binti haulizwi kitu?"

Nilicheka sana. Nilimwambia binti wa Kigogo wa zamani nani angemuuliza? Halafu nikamuuliza yeye, mtu wa darasa la nne, anajua nini habari za riwaya. Loyi aliendelea na mlenda wake. Tangu siku hiyo sikumsomea tena hata ukurasa mmoja.

Nikaenda kwa mama mmoja Mrangi wa Kondoa, mwenye steshenari karibu na stendi, akanichapia mswada wote kwenye kompyuta. Nikaanza kutuma.

Mchapishaji wa kwanza alikuwa Dar es Salaam. Niliusafirisha mswada kwa basi, nikasubiri miezi minane. Jibu likaja kwamba wao siku hizi hawachapi riwaya, ila kama nina kitabu cha maswali na majibu cha darasa la saba niwaletee haraka. Maswali na majibu! Mtu unamaliza miaka miwili na ukame na ng'ombe wanaokufa, unaambiwa ulete maswali na majibu!

Wa pili alikuwa hapa hapa mjini, ghorofani, juu ya duka la simu. Kijana amevaa suti katika joto la mwezi wa kumi, jasho linamchuruzika hadi kwenye tai, anajiita mkurugenzi wa ofisi yenye kiti kimoja. Mimi nilisimama. Alipekua kurasa tatu, akaniambia riwaya ina huzuni mno, niongeze vichekesho. Vichekesho gani? Akasema nimtie ndani Mgogo ombaomba anayetembeza kopo barabarani, wasomaji watavunjika mbavu... Niliuvuta mswada wangu mikononi mwake nikashuka ngazi. Huyo namdharau mpaka leo, na nikifa nitaendelea!

Wa tatu alikaa na mswada mwaka mmoja na nusu. Alinijibu kwa mstari mmoja: "Mswada wako haukidhi viwango vyetu." Viwango gani? Hakusema. Nilitafuta kitabu kimojawapo walichokichapa wao nikakisoma. Kina mtu anayezikwa ukurasa wa ishirini, na ukurasa wa sitini anakula wali harusini. Hivyo ndivyo viwango vyenyewe!

Wa nne aliupoteza. Nilipopiga simu niliambiwa walihama ofisi na baadhi ya vitu havikufika. Mimi na ng'ombe wangu tulikuwa baadhi ya vitu.

Miaka minane ilipita hivyo. Sikuacha. Kila nilipokataliwa nilirudi kwenye banda la kreti nikaandika upya sura mbili tatu, nikatuma kwingine. Wengine wangesema huo ni uvumilivu, na kweli ulikuwa uvumilivu. Lakini niwaambie jambo ambalo watu hawalisemi: kukataliwa sana hakukunifanya mnyenyekevu. Kulinifanya mchungu. Kila aliyenikataa nilimwona mjinga, na polepole hata wasionikataa nikawaona wajinga. Vibarua, majirani, mchungaji, bosi wangu, mke wangu... wote niliwaona watu wasiosoma, na mimi peke yangu nikijiona mtu.

Kisha siku moja yule mama wa steshenari alinipigia simu kwamba kuna barua pepe imeingia kutoka kwa mchapishaji wa tano. Nilichukua bodaboda. Akaniprintia karatasi, mistari miwili: "Tunapenda kukujulisha kuwa mswada wako umepokelewa. Tutawasiliana nawe kuhusu hatua zinazofuata."

Umepokelewa!

Na hatua zinazofuata! Mnaona? Mtu aliyeandika barua za posa zaidi ya miaka ishirini, unadhani aliyasomaje maneno hayo? Walioridhika hupokea, wasioridhika hurudisha. Wangekuwa hawautaki si wangekataa, kama walivyofanya wenzao? Wamepokea! Zimebaki hatua tu!

Mama wa steshenari alinipongeza. "Hongera mzee, angalau umefika salama."

"Haukufika," nikamsahihisha. "Umepokelewa."

Nyumbani Loyi aliuliza kama wamesema watakichapa. Nilimwonyesha karatasi. Aliisoma taratibu, akasema hajaona neno kuchapa. Mimi nikamwambia mambo ya wasomi yana lugha yake.

Jumapili iliyofuata nilitoa shukrani kanisani. Nilisimama mbele na familia yangu, nikatangaza kwamba Mungu ameondoa aibu yangu, kitabu changu kimepokelewa na wachapishaji wakubwa. Watu wakapiga vigelegele. Nilitoa beberu wa shukrani, akapigwa mnada pale nje baada ya ibada. Mchungaji akaniita mwandishi wetu. Nilitembea kurudi nyumbani kifua mbele, Neema akiwa amenishika mkono.

Neema ni binti yangu wa kwanza. Alikuwa na miaka ishirini, akifundisha watoto wa chekechea pale kanisani. Ni mpole, kachukua kwa mama yake. Siku ile alifurahi kuliko wote. Nakumbuka alinishika mkono njia nzima bila kuona haya kwamba ni mtu mzima.

Jumatatu nilimwandikia bosi barua ya kuacha kazi. Ningeweza kuandika mistari mitatu ya kistaarabu. Niliandika kurasa mbili! Nilimweleza kwamba mtu wa aina yangu hawezi kuendelea kuhesabu kreti za zabibu za mtu ambaye hajawahi kusoma kitabu kizima. Mwandiko ulikuwa mzuri ajabu.

Wiki hiyo hiyo nilinunua kalamu nyekundu. Nilikuwa nimesikia kwamba mwandishi huletewa kurasa zake azisahihishe kabla ya kuchapwa, nikataka zikija zinikute tayari. Niliiweka kwenye mfuko wa shati watu waione.

Na hapo ndipo wageni walipokuja.

Walikuwa wanaume wawili, mmoja mzee na mwingine wa makamo. Walivaa makoti kwenye jua la saa saba. Walibisha hodi, wakasalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi", kwa adabu zote, wakakaribishwa ndani. Yule mzee alikuwa baba mdogo wa Ayubu, kijana wa bodaboda anayebeba abiria kati ya Makutupora na mjini. Nilimfahamu Ayubu. Ndiye aliyenibeba siku ile kwenda steshenari! Kijana mtulivu, hanywi, anasali. Nilijua pia kwamba yeye na Neema wanapendana, hata kipofu angejua. Mwezi mmoja tu nyuma ningefurahi kumpata.

Lakini sasa mimi nilikuwa mwandishi. Binti wa mwandishi aolewe na bodaboda?

Sikuinuka kwenye kiti. Mzee akafungua kitambaa cheupe, akanipa bahasha kwa mikono miwili. Desturi ni kuiweka mezani bila kuifungua, kuwanywesha wageni chai, kukaa na ndugu, na siku nyingine kusema kama imepokelewa au inarudishwa. Mimi niliifungua pale pale. Nikaanza kusoma... nikaona "balua" badala ya "barua". Nikaona "lidhaa" badala ya "ridhaa". Nikaona sentensi moja imetoka juu ya ukurasa mpaka chini bila nukta.

Nikachomoa kalamu nyekundu.

Nilisahihisha kila neno. Nilipiga mistari, nikazungushia miduara, nikaandika pembeni "rudia". Wale wazee waliniangalia kwa heshima. Chini kabisa, kwa mwandiko wangu bora, niliandika: "Haikidhi viwango." Nikaikunja, nikairudisha ndani ya bahasha, nikampa mzee.

Na yule mzee, ndugu zangu... yule mzee hakujua kusoma! Kwa kuwa aliniona nikiandika, hakudhani barua inarudishwa, alidhani nimeandika jibu. Alidhani mwandishi ameamua kujibu kwa maandishi, kisomi. Alisimama akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema, "Ahsante sana, baba. Mungu akubariki." Wakaondoka wakiwa na furaha. Nami niliwaangalia wakiondoka, nikacheka!

Baadaye niliambiwa yaliyotokea huko. Wazee walikusanyika, akina mama wakapika, Ayubu akaitwa asome jibu la mkwe mbele ya ukoo wote. Alisoma mpaka mwisho. Hakuruka neno.

Mimi jioni ile nilimsimulia Loyi kama kichekesho. "Balua!" nikamwambia. "Mtu anataka kuoa na hajui kuandika barua!"

Loyi hakucheka. Aliingia chumbani, nikasikia anafungua sanduku lake la nguo. Alirudi na karatasi ya njano, kuukuu, imepasuka kwenye mikunjo. Akaiweka mezani. "Soma," akasema.

Ilikuwa barua yangu ya posa. Ile niliyowaandikia wazazi wake nikiwa na miaka ishirini na miwili, kabla sijaanza kuwaandikia wengine. Barua ya kwanza kabisa katika maisha yangu... Na ilianza na "balua". Mstari wa tatu ilikuwa na "lidhaa". Na sentensi moja ilitoka juu mpaka chini bila nukta.

Neno kwa neno! Ayubu alikuwa ameinakili.

Loyi akaniambia bila kupandisha sauti. Neema ndiye aliyeiomba, alitaka aposwe kwa maneno ambayo baba yake alimposea mama yake. "Neema alitaka kuyarekebisha yale makosa," Loyi akasema. "Mimi nikamkataza. Nikamwambia ayaache hivyo hivyo, baba yake ataitambua, atacheka, atafurahi."

Sikuitambua. Mimi mwandishi mkubwa nilishindwa kuyatambua maneno yangu mwenyewe!

Ndipo Loyi akaongeza neno moja, na sijawahi kulisahau. "Baba yangu hakujua kusoma kama yule mzee. Aliipokea kwa sababu alikuona wewe."

Mtu mwenye akili angefanya nini? Angevaa viatu saa ile ile akaenda kuomba radhi. Kwao Ayubu si mbali, ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Mimi nilisema nitakwenda kitabu kikitoka. Nitakwenda na nakala mkononi, nikasema, ili wajue aliyewaomba radhi ni nani. Mmesikia upumbavu huo? Hata radhi yangu ilibidi iwe na jalada!

Neema hakulia mbele yangu. Aliondoka mwisho wa mwezi ule kwenda Mpwapwa, alikopata kazi kwenye chekechea nyingine. Siku ya kuondoka alinisalimia shikamoo, kisha akasema, "Nilikuwa jikoni nimeshika birika. Niliwasikia wanaingia, nikawasikia wanatoka. Nilikuwa nasubiri niitwe, baba." Akabeba begi lake. Ayubu aliuza pikipiki yake akahamia Chemba, na kabla ya mwaka kuisha tukasikia ameoa huko.

Na kitabu? Miezi sita nilisubiri hatua zinazofuata. Hakuna! Nikapiga simu kwa mchapishaji. Dada aliyepokea akatafuta jina langu, akaniambia mswada upo, bado haujasomwa. Nikamwambia haiwezekani, walikwishanijulisha kuwa umepokelewa.

"Ndiyo mzee, ulipokelewa," akasema. "Maana yake ulitufikia."

Nilibaki na simu sikioni hata baada ya yeye kukata.

Sijui nani aliyeitoa habari hiyo nje. Pengine ni mimi mwenyewe kwa sura yangu. Kijiji kizima kikaniita Umepokelewa. "Umepokelewa, habari za asubuhi!" "Umepokelewa, hatua zimefikia wapi?" Kilabuni walitunga hadi salamu yake. Wale wale waliopiga vigelegele! Nawalaumu? Hapana. Niliwapa kicheko, na wao hawakuwa na sababu ya kukikataa.

Nilirudi kwa bosi. Alinionyesha barua yangu, alikuwa ameitunza kwenye droo. Hakunifukuza, alinifanyia vibaya zaidi: alinipa kibarua cha kupogoa, chini ya msimamizi mpya niliyemfundisha kazi mimi mwenyewe. Ninapogoa mizabibu ile mpaka leo.

Halafu jibu lenyewe likaja. Wamekataa. Lakini safari hii kulikuwa na kurasa nne za maoni ya msomaji wao, mtu nisiyemjua, na kwa mara ya kwanza mtu alikuwa ameisoma kazi yangu yote. Alisifu ukame. Alisifu ng'ombe. Kisha akaandika kwamba binti, ambaye riwaya nzima inamhusu, hasemi neno lake mwenyewe hata moja tangu mwanzo mpaka mwisho. Anapika, anatenga chakula, anatolewa. Akauliza: je, huyu binti hana lolote la kusema?

Nilizisoma kurasa zile nikiwa nimekaa katikati ya mistari ya mizabibu, mkasi wa kupogolea mkononi. Miaka kumi nyuma mtu wa darasa la nne aliniambia jambo lile lile bure, jikoni, akichambua mlenda! Nikamcheka... Niwaambie nani ninayemdharau kuliko wote, au mmekwisha kumjua?

Jioni nilimuuliza Loyi kama atakubali kunisikiliza tena. Nilidhani atanitukana, na ningestahili. Alinijibu, "Soma." Tukaanza upya. Miaka mitatu! Nasoma, anasikiliza, ananikatiza. Ananiambia binti hawezi kusema hivyo. Ananiambia hapo umesema wewe. Nafuta, naandika tena. Nilikuwa mwanafunzi mbele ya mwanamke niliyemdharau miaka kumi, na alikuwa mwalimu mkali.

Sura ya binti ilikuwa ngumu kuliko zote. Nilijaribu maneno mengi, yote ya uongo. Mwishowe niliandika yale niliyoambiwa mlangoni siku Neema anaondoka. Jikoni. Birika. Kusubiri kuitwa. Niliyaandika kama yalivyo. Nilipomsomea Loyi hakunikatiza. Aliinuka, akatoka nje.

Nilituma mswada kwa mchapishaji yule yule. Baada ya mwaka barua pepe ikaja. Nilimwomba mama wa steshenari anisomee kwa sauti, polepole. "Tumekubali kuchapa riwaya yako." Nikamwomba arudie. Akarudia mara tatu, akaniapia kwamba neno ni kuchapa. Mhariri aliandika pia kwamba sura ya binti na birika ndiyo iliyowafanya wakubali.

Sikutoa shukrani kanisani. Sikumwambia mtu isipokuwa Loyi.

Mhariri akaniuliza kama nina tabaruku, yaani ule ukurasa wa mwanzo ambao mwandishi anamtaja mtu anayemtunukia kitabu. Nikaandika: "Kwa binti yangu Neema." Lakini safari hii nilijua la kufanya. Niliona ni lazima nimuulize kwanza. Miaka yote ile, nikimpigia simu alikuwa akisema, "Shikamoo baba, mpe mama simu." Kwa hiyo sikupiga. Nilipanda basi hadi Mpwapwa.

Alinipokea vizuri. Alinishikia beseni nikanawa, akaniwekea ugali na nyama, akakaa kwenye kigoda mpaka nikamaliza. Hajaolewa. Ana chumba kisafi, na ukutani kuna michoro ya watoto wake wa chekechea. Nilimwomba radhi. Nilisema yote, bila kujitetea hata kidogo. Kisha nikampa karatasi nilizobeba: ukurasa wa tabaruku, na ile sura.

Alianza na sura. Aliisoma yote, akarudi nyuma akasoma mahali fulani mara ya pili. Niliona kidole chake kimesimama pale kwenye birika.

Akazikunja karatasi zote kwa uangalifu, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Maneno yangu umeshayachukua, baba," akasema. "Jina langu niachie."

Nilijaribu kueleza. Nilisema nimekuja kumuuliza, nimekuja mwenyewe, kwa basi...

"Umeniuliza," akasema. "Nimekujibu."

Kisha akanisindikiza stendi, akanibebea mfuko, akasimama pale mpaka basi likaondoka. Hakuna adabu aliyoikosa.

Wasomaji wenzangu, hasa ninyi mnaoandika. Nawasihi. Mkikataliwa, tumeni tena, na mkikataliwa tena, tumeni tena, hakuna njia nyingine na yeyote atakayewaambia ipo anawadanganya. Kukataliwa na wachapishaji hakukunidhuru. Kilichonidhuru ni kwamba niliona nimekwishapanda juu, na mtu wa kwanza aliyekuja mlangoni kwangu na karatasi mkononi nikamfanyia niliyofanyiwa, tena nikacheka. Msifike hapo! Mkijiona mnafika hapo, tupeni kalamu, mkalime. Na yule anayekaa jikoni kwako akakuambia jambo kuhusu kazi yako, msikilize siku hiyo hiyo, usingoje miaka kumi mtu wa mbali akuandikie kurasa nne.

Niliomba radhi pia kwa baba mdogo wa Ayubu. Alinikaribisha chai. Alisema yamepita, lakini yalikuwa hayajapita kwa binti yangu, wala kwa mzee mwenyewe.

Kitabu kilitoka mwaka jana. Nilimwambia mhariri aondoe jina, akauliza aweke nini badala yake, nikamwambia asiweke kitu. Ukurasa ule uko mtupu. Watu wachache walionunua huniuliza kama ni kosa la mitambo, na wengine wananishauri nidai fidia kwa mchapishaji. Nawajibu kwamba si kosa. Nawaambia nilimuuliza mwenye ukurasa, akakataa.